Kabla ya kuagiza kuta za zege za kiwandani: pima kama zitaungika

Mchoro ukiwa mezani, kila paneli, yaani ukuta mmoja uliomiminwa kiwandani, ni rahisi. Tabu huanza inaponing'inia kwenye kreni huku mafundi wakiisukuma ili nondo ziingie kwenye matundu. Kwa hiyo nakuomba ukague viungo kwa makini kuliko paneli zenyewe.

Hatua ya 1: Hesabu aina. Kuta 60 za aina tatu ni kazi nyepesi kuliko kuta 25 za aina kumi na nane. Ziogope zaidi zile zinazofanana lakini moja ni ya kushoto na nyingine ya kulia. Dai kila moja iwe na alama isiyofutika, upande utakaoonekana ikiwa imeinuliwa.

Hatua ya 2: Uzito. Zege lenye nondo lina takriban kilo 2,500 kwa mita ya ujazo. Ukuta wa mita 3 kwa 2.8, unene sentimita 15, unafika kilo 3,150. Soma jedwali la uwezo wa kreni kwa umbali wa mbali kabisa utakaoinulia, maana mkono ukirefuka uwezo unashuka. Angalia na minyororo: miwili ikilala nyuzi 30 kutoka usawa, kila mmoja unavutwa kwa nguvu sawa na uzito wa paneli nzima. Kwenye nyuzi 60 ni asilimia 58 tu.

Hatua ya 3: Kiungo. Hapa usiwe na haraka. Nondo ya milimita 16 kwenye tundu la 20 ina nafasi ya milimita 2 kila upande. Kiwanda kikikosea kidogo na msingi nao ukakosewa kidogo, haiingii. Tundu la 50 linakupa milimita 17 kila upande.

Kisha uliza: fundi akisimama pale, anakiona anachokijaza? Mkono unafika? Mota (saruji na mchanga vya kujazia kiungo) ikimiminwa, kuna tundu la juu la kuthibitisha kwamba imejaa? Ronan Point, jengo la ghorofa 22 London, liliporomoka kona nzima tarehe 16 Mei 1968 baada ya mlipuko wa gesi kusukuma kuta nje, na watu wanne wakafa. Lilipobomolewa mwaka 1986, baadhi ya viungo vilikutwa na magazeti mahali pa mota. Kiungo kisichokaguliwa kinaficha chochote.

Hatua ya 4: Kuachia kreni. Mihimili miwili ya mshazari ya kuushikilia ukuta ifungwe kabla ndoano haijatolewa. Sehemu za kuifungia ziwekwe kiwandani, si kutobolewa saiti.

Hatua ya 5: Jaribio. Omba kuta mbili na kona moja ziungwe uwanjani kwa kiwanda, na mafundi walewale watakaojenga. Shika saa. Andika kila mara mtaimbo au grinda inapotumika, na ni kwenye kiungo kipi. Grinda ikiguswa, mchoro unarudi kwa mhandisi kabla kalibu haijamiminwa zege tena.