Namna ya Kuhakikisha Kila Ukurasa wa Tovuti Unaonekana

Injini za kutafutia, kama Google, hugundua kurasa mpya hasa kwa kufuata viungo, kwa hiyo ukurasa usio na kiungo hata kimoja ni vigumu kwao kuuona, na kwa mgeni aliyeingia kwenye tovuti ni kama haupo kabisa. Ikiwa una tovuti ya nyumba ya wageni hapa Lamu, andika kwanza orodha ya kurasa zake zote, kisha, ukianzia ukurasa wa mwanzo, jaribu kuufikia kila mmoja kwa kubofya tu.

Tuseme ukurasa wa safari ya mashua kwenda magofu ya Takwa, kisiwani Manda, haufikiki. Usikimbilie kuujaza kwenye menyu. Uunganishe na ukurasa wa vyumba, ambako mgeni tayari anapanga siku zake, na maneno ya kiungo yaseme wazi, «safari ya Takwa wakati wa maji kujaa», badala ya «bofya hapa», ambayo hayamwelezi chochote msomaji wala injini. Kazi hii ya viungo ndiyo yenye manufaa makubwa zaidi, na ramani ya tovuti, inayoelezwa hapa chini, haiwezi kuchukua nafasi yake.

Baada ya hapo tengeneza ramani ya tovuti, yaani faili la XML (maandishi yaliyopangwa ili kompyuta iyasome) lenye anwani kamili za kurasa unazotaka zionekane. Faili moja hubeba anwani zisizozidi 50,000, kiwango ambacho nyumba ya wageni haitakifikia. Anayetumia WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, hutengenezewa faili hilo moja kwa moja kwa jina la wp-sitemap.xml. Tarehe ya mabadiliko ya kila ukurasa inayoandikwa ndani ya ramani iwe ya kweli, kwa kuwa Google huizingatia pale tu inapoaminika; alama za umuhimu wa ukurasa huzipuuza. Taja anwani ya ramani ndani ya robots.txt, faili la tovuti linalozipa injini za kutafutia maelekezo, kisha iwasilishe kupitia Google Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, ambako utaona pia kurasa zilizokataliwa na sababu zake.

Jihadhari na kurasa za kila mwaka. Tarehe ya Maulidi husogea kwa kufuata kalenda ya Kiislamu, na wengi hufungua ukurasa mpya kila mara. Ni heri kubaki na anwani ileile na kubadilisha tarehe iliyomo, ili viungo vilivyowekwa na wengine viendelee kumfikisha mgeni kwako.