Umeshampata mwimbaji wako? Namna ya kumtungia na kudumu naye

Walimu wa kwaya na watunzi wa huku kwetu, Mbeya, Iringa, Njombe, kila kwaya ina yule mtu mmoja ambaye akishika solo hata watoto wa mbele wananyamaza. Kumpata sio kazi, kazi ni kudumu naye, maana wengi wanatunga wimbo kwanza halafu ndio wanatafuta nani auimbe, mi nasema geuza.

Anza kwa kumpima sauti, kama fundi cherehani anavyopima kabla hajagusa kitambaa. Chukua kinanda, muanzie katikati, apande taratibu kwa "la" mpaka unapoona koo linaanza kubana, kisha ashuke. Andika noti tatu: ya chini ambayo bado ni sauti sio upepo, ya juu anayoifikia bila kukunja uso, na ya tatu ni ile inayong'aa, yaani akiigusa tu unajua ni yeye hata ukiwa nje ya kanisa. Hiyo ya tatu ndio mali yako, na usishangae ikiwa hapo hapo katikati tu. Na tafadhali usimpime saa 12 asubuhi mwezi wa 7, baridi ya hapa mnaijua, sauti inakuwa bado imelala, mpime jioni akishapasha.

Mtunzi Muingereza Benjamin Britten alikuwa na mwimbaji wake wa tena (tenor, sauti ya juu ya wanaume), Peter Pears, walifanya kazi pamoja tangu miaka ya 1930 mpaka Britten alipofariki 1976. Noti ya Pears iliyong'aa ilikuwa E ya juu kidogo tu ya C ya katikati ya kinanda, noti ambayo tena yeyote wa Moravian pale Rungwe anaifika bila jasho. Sasa angalia alichofanya kwenye opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) ya Peter Grimes ya 1945, kuna solo inazungumzia nyota, Britten akaiweka E hiyo hiyo inarudiwa na kurudiwa, sauti imesimama pale pale huku vyombo vinatembea chini yake. Hakuna kupanda kwa kutafuta makofi. Sisi tukipata mwimbaji mzuri tunamrusha juu mpaka mishipa ya shingo inaonekana, jamani.

Ukishazijua noti zake njoo kwenye maneno. Mpe ayasome kwanza kama anaongea, bila tuni, wewe sikiliza mkazo unaangukia wapi. Kiswahili mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, u-PE-ndo, sasa wewe ukiweka noti ndefu ya juu kwenye "u" mwimbaji atasukuma pasipo na kitu na neno litaharibika, halafu utamlaumu yeye. Kitu kingine, huko juu mpe "a", ikizidi sana "e" au "o", ila "i" na "u" kwa walio wengi zinabana wakifika juu, kwa hiyo badili neno kabla hujabadili mtu.

Na mpigie kinanda wewe mwenyewe, usimuachie kijana wa kinanda kila siku. Mtunzi Mfaransa Francis Poulenc alizunguka na baritoni wake (sauti ya kiume kati ya tena na besi) Pierre Bernac kuanzia 1935 mpaka Bernac alipostaafu jukwaa 1959, Poulenc yuko kwenye piano, na nyimbo zake nyingi zilizaliwa humo. Ukimpigia mtu unajua anavuta pumzi wapi.

Kwenye hela na ahadi muwe wazi mapema. Mwimbaji Mmarekani Dionne Warwick aliimba demo (rekodi ya majaribio) ya wimbo wa watunzi Burt Bacharach na Hal David akijua ni wake, ukapewa mwanaume mwingine, akawaka kweli kweli, na maneno aliyowatolea ndio yakawa wimbo wake wa kwanza kuvuma, 1962. Hapo waliponea. Ila miaka ya 1970 hao watunzi wakavunjana wenyewe kwa wenyewe, kazi ya Warwick ikabaki inaning'inia, akawafungulia kesi. Warwick na Bacharach walikuja kufanya kazi pamoja tena 1985. Kwa hapa Tanzania sheria ya mwaka 1999 inakupa wewe mtunzi hakimiliki na mwimbaji anayo hakishiriki, yaani haki juu ya uimbaji wake, kwa hiyo kabla ya kuingia studio andikeni karatasi nani anapata nini, msajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, hata kama ni shemeji yako.

Halafu sauti inazeeka. Kila mwaka mpime upya. Uzuri wa solfa (Do, Re, Mi) ni kwamba kama Do ilikuwa G unaifanya Do ni F na maandishi mengine hayaguswi, ila muangalie na besi wako, ukishusha sana sauti ya nne inabaki kunguruma tu. Kushusha kuna mwisho lakini. Opera ya mwisho ya Britten, Death in Venice, 1973, Pears alikuwa anakaribia miaka 63, akatungiwa mhusika mzee mwandishi, na sehemu nyingi anaimba karibu na kuongea huku piano peke yake inamsindikiza, orchestra imekaa pembeni. Kwa hiyo mama yetu wa soprano akianza kukosa zile za juu, usimhamishie sauti ya pili kimya kimya siku ya tamasha, muite pembeni mapema, "dada, hii nimekutungia kwa hapa ulipo sasa," na uwe nayo kweli mkononi.