Soma fyuzi iliyokatika kabla hujafunga waya mpya

Kwenye nyumba kongwe za Mji Mkongwe, Zanzibar, bado unakutana na fyuzi za kigae, zile za kufunga waya kwa mkono. Ikikatika, wengi hukimbilia waya mpya na kuutupa wa zamani bila kuutazama, na hapo ndipo ushahidi unapopotea.

Hatua ya 1. Ijaribu testa kwenye soketi yenye umeme, zima meni swichi, kisha pima tena kwenye fyuzi. Testa mbovu nayo haiwaki. Isipowaka kwenye fyuzi, ndipo uchomoe kigae.

Hatua ya 2. Tazama waya ulipokatikia. Ukikuta pengo dogo katikati na ncha zenye vitone vya mviringo, mzigo ulizidi: pasi na hita ya maji kwa pamoja, kwa mfano. Joto lilipanda polepole. Skurubu hupooza miisho ya waya iliyofungwa, kwa hiyo katikati ndipo hufika mwanzo nyuzijoto 1,085, shaba inapoyeyuka.

Waya ukiwa haupo kabisa, na kigae kina masizi yenye chembe za shaba, hiyo ni shoti. Mkondo ulikuwa mkubwa mno, joto halikupata muda wa kukimbilia kwenye skurubu. Waya ukipata moto, ukinzani wake (jinsi unavyozuia umeme kupita) hupanda, na ukinzani ukipanda moto huzidi. Unayeyuka wote kwa mpigo, shaba inageuka mvuke na kutanuka ghafla, ule mlio wa “paa!” ndio huo. Mwanasayansi Mholanzi Martinus van Marum alikuwa akiyeyusha nyaya namna hii kwa makusudi mwishoni mwa karne ya 18. Wewe usijaribu.

Umekatikia pembeni, kwenye skurubu yenye ukijani? Chumvi ya bahari na skurubu legevu. Nyumba za Shangani na Malindi, mitaa ya Mji Mkongwe iliyo kando ya bahari, zinapatwa na hili.

Hatua ya 3. Tibu sababu. Mzigo, ugawe. Ukijani, usugue hadi shaba ing'ae. Shoti, chomoa vyombo vyote kwanza, halafu kagua nyaya.

Hatua ya 4. Funga waya wa kipimo chake: milimita 0.2 kwa ampea 5, milimita 0.5 kwa ampea 15. Huo wa 0.5 hauyeyuki mpaka mkondo ukaribie ampea 28, kwa kanuni ya mwaka 1884 ya William Preece, mhandisi wa umeme wa Uingereza. Sasa piga hesabu ya fundi anayeukunja mara mbili “ili usikatike-katike”.

Kaza skurubu, ila waya usiuvute. Ukivutika huwa mwembamba mahali pamoja, utakatikia hapo hapo, na alama zake zitakudanganya.