Namna ya Kuwaongoza Vijana Kutazama Tamthilia ya Anohana

Tamthilia ya katuni ya Kijapani iitwayo Anohana, iliyorushwa mwaka 2011 kwa vipindi 11 visivyofika nusu saa kimoja kimoja, inawafaa vijana wa kidato cha tatu na kuendelea, mradi wewe unayewaongoza uitazame yote kwanza, kwa kuwa ina vipande vichache vya mambo ya kikubwa. Hapa Kigoma mimi huchagua siku za mbalamwezi, wakati ambapo wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani na vijana wa Kibirizi wanaweza kupata jioni tatu mfululizo.

Kabla ya kuwasha runinga, waeleze kuhusu majira. Kiangazi chetu ni cha vumbi na upepo mkavu. Cha Japani kina joto la jasho, nyenje hulia mchana kutwa, shule hufungwa, na katikati ya Agosti familia nyingi huwakaribisha marehemu wao katika siku za Obon. Asiyejua hayo atamwona Menma, msichana marehemu anayemrudia rafiki yake Jinta, kuwa mzimu wa kutisha, akae akingojea vitisho visivyokuwapo.

Menma alikufa mtoni angali mtoto. Jinta, kiongozi wa kundi lao la watoto sita, alikuwa amemtolea neno la kuumiza mbele ya wenzao, akakusudia kumwomba radhi kesho yake, asimkute tena. Sasa ni kijana anayeshinda ndani, shule ameiacha. Simamisha picha hapo, uulize kila mmoja wa wale watano waliobaki amekwama wapi. Jibu la kwanza litakuwa mapenzi. Lipokee, lakini usiishie hapo. Kwa maoni yangu, kiini ni kwamba watoto hawa hawakuanua matanga: mwenzao alizikwa, wao wakatawanyika, kila mmoja na fungu lake la lawama, hata Atsumu, mvulana mmoja wao, akafikia kuvaa gauni na nywele za bandia ili afanane na marehemu. Kijana aliyewahi kukaa matangani huelewa jambo hili upesi, na mara nyingi ndiye atakayewaeleza wenzake vizuri kuliko wewe.

Jioni ya pili, Jinta anapofanya vibarua ili kupata fedha za fataki, ambayo wanaamini itatimiza ombi la Menma ili aende zake kwa amani, uliza ni nani anayemfunda. Kwetu, jando na unyago vina kungwi wake. Jinta ana baba mpole anayemwachia nafasi tu, kwa hiyo vijana hawa wanafundana wenyewe, kwa kugombana na kukosea.

Jioni ya mwisho usikatize. Fataki inaruka, Menma bado yupo, na marafiki wanakiri kwamba kila mmoja alitaka aondoke kwa sababu zake binafsi. Ungamo hilo ndilo la kujadili kwa muda mrefu zaidi. Kisha gawa karatasi, kila kijana aandike neno analodaiwa na mtu aliye hai, aikunje na kuondoka nayo bila kuisoma kwa sauti.