Ukiulizwa "leo ni ya ngapi?", jibu ya jana

Kwa anayehesabu Omeri, zile siku 49 kuanzia usiku wa pili wa Pasaka ya Kiyahudi hadi sikukuu ya Shavuoti (Walawi 23:15-16), kwa kutamka kila usiku namba ya siku: mtu akikuuliza jioni, kabla hujahesabu, "leo ni siku ya ngapi?", mwambie, kwa mfano, "jana ilikuwa ya 16." Usimtajie ya leo. Siku ya Kiyahudi huanza jua likizama, kama usiku wa Ijumaa wa watu wa pwani unaoanza Alhamisi magharibi, na ukishatamka "leo ni ya 17" huenda umeshahesabu bila kujua. Baraka, yaani dua ya kumsifu Mungu inayosomwa kwa ajili ya hesabu, hutangulia hesabu yenyewe, kwa hiyo hapo utakuwa umejinyima baraka ya usiku huo. Mimi limeniponyoka mara mbili, tena mbele ya watoto.

Dondoo hii haisaidii ukiwa umeshateleza: hesabu tena, ila bila baraka. Wala haimsaidii aliyesahau usiku. Huyo ahesabu mchana bila baraka, kisha usiku unaofuata aendelee kuhesabu kwa baraka. Akipitiwa usiku na mchana wake wote, desturi iliyoenea ni kuendelea kuhesabu bila baraka hadi siku ya 49.