Ukiletewa tangazo la Mac kuiponda PC, fanya hivi kabla ya kununua

Juzi mama mmoja kaingia dukani kwangu Kariakoo na bintiye, simu mkononi. "Fundi, tazama mwenyewe. Hizi za Windows zinashika virusi. Nipe ya huyu kijana." Kijana aliyemwonyesha alikuwa mwigizaji Justin Long, anayejiita Mac, na tangazo lilikuwa la Apple, wenye kompyuta za Mac, la mwaka 2006.

Kwa hiyo anza na mwaka. Katika tangazo hilo mwenzake John Hodgman, anayejiita PC, yaani kompyuta ya Windows, ana mafua, anapiga chafya, anasema kuna virusi 114,000 vya PC. Lakini mwaka 2012 kirusi Flashback kiliingia kwenye Mac zaidi ya 600,000, na mwaka huohuo Apple wakaondoa kwenye tovuti yao maneno kwamba Mac haipati virusi vya PC. Video yenyewe bado inazunguka WhatsApp kama imetoka jana.

Halafu uliza nani kalipa. Justin Long huyohuyo, Machi 2021, alitokea kwenye matangazo ya Intel akizisifia PC. Intel walikuwa wanatengeneza prosesa za Mac, yaani ubongo wa kompyuta, tangu 2006, na Apple wakaanza kuwaacha Novemba 2020 walipotoa M1, prosesa yao wenyewe. Nilipomweleza mama hivyo, aliirudisha simu kwenye pochi.

Sasa kaa hapa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoteza hela. Tangazo la kushindanisha mara nyingi halisemi uongo, linachagua cha kupima. Mwaka 2009 Microsoft walimwonyesha dada aitwaye Lauren, ana dola 1,000, anataka laptopu ya inchi 17. Duka la Apple kwa hela hiyo akakuta ya inchi 13 tu, akaenda kuchukua HP kwa dola 699. Bei ni ya kweli. Je, betri inakaa saa ngapi? Uzito je, kwa mtu wa kupanda daladala kila siku? Chukua karatasi, andika tangazo limepima nini, chini yake andika wewe utaitumia hiyo mashine kwa kazi gani. Ukikuta mistari haikutani, tangazo hilo halikuhusu.

Binti anasoma uhasibu, na chuoni kwao wanatumia Tally. Tally ni programu ya hesabu, na ni ya Windows. Swali la virusi likaisha hapohapo, tukahamia kwenye ThinkPad T480 iliyotumika, laptopu ya Windows.

Hapo tangazo lolote weka pembeni, pima kwa mkono. Nilifungua dirisha jeusi la amri nikaandika powercfg /batteryreport. Ripoti inakupa namba mbili: betri ilitoka kiwandani na uwezo gani, na leo ikijaa inabeba kiasi gani. Namba ya pili ikiwa chini ya nusu ya ile ya kwanza, omba wapunguze bei au wabadilishe betri. T480 ina betri mbili, moja ya ndani na nyingine ya kuchomoa. Nikaichomoa nikampa binti aishike, ajue akiharibikiwa atanunua hiyo tu. RAM, kumbukumbu ambayo mashine inafanyia kazi, pia inaongezwa. Kwenye MacBook Air ya M1 haiongezwi, imeshaungwa humohumo, kwa hiyo ya 8GB utabaki nayo ya 8GB hadi mwisho.

Kama kazi yako inafaa Mac, chukua Mac, ile M1 inakaa na chaji vizuri sana na mimi mwenyewe naipenda. Ila tazama betri imezungushwa mara ngapi, yaani imetumia chaji nzima mara ngapi. Apple wenyewe wanaihesabia mizunguko 1,000. Na mwambie muuzaji ajitoe kwenye iCloud, akaunti yake ya Apple, mbele ya macho yako, uizime, uiwashe, uingize akaunti yako ndipo utoe hela. Nimeshaletewa Mac nzuri kabisa iliyofungwa kwa akaunti ya mtu asiyepatikana tena. Aliyeinunua alilia pale kwenye benchi, na sikuwa na la kumsaidia.

Risiti iandikwe namba ya mashine iliyo chini ya kava, siyo "laptopu moja".