Somo: Pima mwenyewe maji yanayochukuliwa na upepo

Siku ya upepo nguo hukauka hata kukiwa na mawingu. Leo tulipime jambo hilo kwa mizani.

1. Tafuta mabeseni mawili ya ukubwa na rangi moja. Yajaze maji ya mtungi mmoja, ukiacha vidole viwili tu chini ya ukingo. Ukiacha nafasi kubwa, ukingo utaukinga uso wa maji na upepo, na jaribio litaharibika.

2. Pima uzito wa kila moja, uandike.

3. Yaweke kivulini, chumba kimoja, moja mbali na jingine. Moja lipulizwe na feni polepole, hewa ipite juu ya maji bila kuyarusha. Lingine litulie.

4. Baada ya muda wa saa sita, pima tena. Beseni la kipenyo cha sentimita 40 likipungua gramu 126, limepoteza kina cha milimita 1.

La feni litapungua zaidi. Juu ya maji yaliyotulia hulala utando wa hewa iliyoshiba mvuke, nao huzuia mvuke mwingine kupanda. Upepo huufagia utando huo na kuleta hewa kavu.

Mwalimu, mbona maji ya feni ni ya baridi zaidi, na ndiyo yanayopungua?
Umegusa kiini. Kila kilo inayogeuka mvuke huondoka na joto la kilojuli 2,450 hivi. Maji yanapoa kwa sababu yanapungua.

Sisi wa majaruba ya chumvi, tunaokausha maji ya bahari, masika upepo upo lakini maji hayakauki. Kwa nini?
Pole ndugu yangu. Mbali na mvua inayoongeza maji, upepo huo umeshabeba unyevu mwingi. Mwanasayansi Mwingereza John Dalton alieleza mwaka 1802 kwamba kinachovuta mvuke ni tofauti kati ya mvuke ulio usoni mwa maji na ulio hewani. Tofauti ikiwa ndogo, upepo hauna pa kuuweka. Ziwa Turkana halina mto unaotoka, lakini kwa upepo mkavu na jua kali hupoteza zaidi ya mita 2 za kina kwa mwaka.

Na mawimbi? Si yanaongeza eneo la maji?
Kidogo mno. Wimbi la kimo cha mita 1 na urefu wa mita 20 huongeza eneo kwa chini ya asilimia 1. Piga hesabu utaona. Kazi yake kubwa ni kukoroga: huushusha uso uliopoa, maji ya vuguvugu yakapanda. Likivunjika, hurusha matone, na tone hupigwa na hewa pande zote.